Amana ya Siku Arubaini: Mafunzo ya Kumwangalia Mzazi Baada ya Kujifungua

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu kwa tone la maji, akamweka katika tumbo la mama yake mpaka muda ulio maalumu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: haya ni mafunzo mafupi juu ya mambo yampasayo mwanamume Mwislamu kuyajua mkewe akisha kujifungua. Yameelekezwa kwa wanaume wa mwambao, khasa wa Moa na vijiji jirani kaskazini ya Tanga, ambao wengi wao huishi kwa bahari na kwa shamba, na hospitali kubwa ya mkoa, yaani Bombo, iko mbali nao, mjini Tanga. Na sababu ya kuwaelekea wanaume ni hii: mwenye kutoka damu ni mzazi, lakini nauli imo mfukoni mwa mume, na ruhusa imo kinywani mwake, na neno lake la "ngojeni kwanza" au "mchukueni sasa hivi" ndilo linalosikizwa nyumbani.

Wanaume wengi wamesoma mlango wa nifasi chuoni. Wamejua lini mke huacha sala, lini hufunga, na lini humhalalikia mumewe. Elimu hiyo ni njema, wala hapana budi nayo. Lakini mtu anayeijua damu kwa ajili ya hukumu zake tu, wala haijui kwa ajili ya khatari yake, ameshika nusu ya jambo, na nusu aliyoiacha ndiyo iuayo.

FASILI YA KWANZA: NIFASI NA MUDA WAKE

Nifasi, katika madhehebu ya Imamu Shafii, ni damu itokayo baada ya tumbo la uzazi kuwa tupu kwa kutoka mtoto. Uchache wake ni mara moja tu, hata likiwa tone. Wingi wa kawaida yake ni siku 40. Na mwisho wake ni siku 60. Katika muda huo haimjuzii mzazi sala, wala saumu, wala tawafu, wala haimjuzii mumewe kumwingilia. Sala zilizompita hazilipi, na saumu huilipa.

Katika khabari iliyopokewa kwa Bi Ummu Salama, mke wa Mtume, radhi za Mungu ziwe juu yake, imetajwa kwamba wazazi wa zama zile walikuwa wakikaa siku 40. Wanazuoni wa Kishafii wameifahamu khabari hiyo kuwa inaeleza lililo ada ya wengi, si mpaka usiopungua wala kuzidi. Kwa hiyo mwanamke ambaye damu yake imekatika siku ya 10 au ya 20, imempasa aoge na asali, wala asingoje arubaini kwa kuwa watu wa mji wamezoea kungoja. Na ambaye imezidi 40, bado yumo katika nifasi yake mpaka ikatike au zitimie siku 60. Ikipita 60, hiyo imeingia katika mlango wa istihadha, na yatakikana aulize mwenye elimu juu ya sala yake, na amwone daktari juu ya mwili wake. Maana damu ya kupita miezi miwili si jambo la kunyamaziwa.

Basi arubaini, kwa ilivyo desturi ya pwani, ya kunyolewa mtoto na kutolewa mama nje, ni ada njema ya watu. Haikuwekwa na sharia iwe kufuli ya mlango.

FASILI YA PILI: HUKUMU YA DAMU SI USALAMA WA DAMU

Hapa ndipo watu wanapotelezea. Mzazi akitoka damu nyingi siku ya pili, au ya nane, au ya ishirini, husemwa: "Hii ni nifasi, ndivyo walivyo wazazi." Na kweli ni nifasi. Fakihi akiulizwa, atasema asisali. Lakini fakihi hakuulizwa kama damu hiyo itamwua au haitamwua, wala jawabu yake haikuwa juu ya hilo. Jina la damu ni jambo moja, na kipimo chake ni jambo la pili.

Damu ya nifasi iliyo salama ina mwendo wake. Siku tatu au nne za mwanzo huwa nyekundu. Kisha hugeuka rangi ya hudhurungi au waridi hafifu. Kisha huwa maji ya umanjano na weupe, yakipungua siku hata siku, mpaka wiki ya nne au ya sita. Wanazuoni nao walizijua rangi hizi, wakazitaja kwa majina ya sufra na kudra, yaani umanjano na uvungevunge, wakazihesabu kuwa ni katika damu zikitokea ndani ya muda wake. Basi mwendo ni kupungua na kufifia. Ikiwa damu iliyokwisha fifia imerudi kuwa nyekundu na nyingi, au inatoka mabonge makubwa, au ina harufu mbaya, hapo mwendo umepinduka, na aliye mwenye akili hasemi tena kwamba ndivyo walivyo wazazi.

FASILI YA TATU: SAA 24 ZA KWANZA

Na ijulikane kwamba wakati ulio mzito kuliko wote ni siku ya kwanza. Kondo la nyuma linapotoka, mahali lilipokuwa limeshika hubaki kama jeraha, na mishipa ya damu ikawa wazi. Mwenyezi Mungu ameujaalia mfuko wa uzazi ujikaze na kuibana mishipa hiyo. Na ukijikaza vema, huonekana chini ya kitovu kitu kigumu cha mviringo, kama kitale cha mnazi. Ukilegea, mishipa haina wa kuifunga, na damu hutiririka. Kadhalika hutiririka ikiwa kipande cha kondo kimesalia ndani, au ikiwa njia ya uzazi imechanika. Na yaweza kutoka polepole bila ya kelele, ikaingia godoroni na katika nguo, watu wa nyumbani wakiwa wanashangilia mtoto.

Waganga wa zama hizi wameweka kipimo: damu ikifika nusu lita baada ya kuzaa, hiyo ni khatari. Na jicho ni mpimaji mbaya. Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000 waliozaa kwa njia ya kawaida. Katika baadhi ya hospitali hizo mzazi aliwekewa chini yake shuka ya plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, ili damu ionekane ni kiasi gani. Na kiasi cha khatari kilipofika, alipewa tiba zote pamoja mara moja: kusuguliwa tumbo ili mfuko wa uzazi ujikaze, dawa ya kuukaza, dawa ya kugandisha damu, maji ya mishipani, na kuangaliwa damu inatokea wapi. Katika hospitali nyingine waliendelea kukisia kwa jicho kama ilivyozoeleka. Palipokuwa na kipimo, wenye kuvuja damu walitambuliwa 93 katika kila 100. Palipokisiwa, walitambuliwa 51 tu. Na madhara makubwa yalipungua kwa sehemu 60 katika kila 100. Ikiwa jicho la mkunga aliyesoma hukosa namna hii, seuze jicho la mtu aliyesimama nje ya mlango.

Na uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2017, uliowahusu wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwamo, ulibainisha kwamba ile dawa ya kugandisha damu, ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kuzaa, hupunguza vifo vya kutoka damu kwa kiasi cha thuluthi. Na ikicheleweshwa kupita hapo, faida yake haipatikani. Basi saa tatu ndizo mtaji wa mume. Ataketi azitumie kushauriana, au atazitumia njiani?

Shirika la Afya la Ulimwengu limeagiza kwamba mzazi aliyejifungua hospitali akae huko si chini ya saa 24. Katika muda huo huangaliwa damu yake, na kukaza kwa mfuko wa uzazi, na joto la mwili, na mapigo ya moyo, tangu saa ya kwanza. Presha ya damu hupimwa mara akisha zaa, na hupimwa tena ndani ya saa sita. Na ndani ya saa sita hizo huangaliwa kama amepata haja ndogo, maana kibofu kilichojaa huuzuia mfuko wa uzazi usijikaze. Tena hurudi kuonwa siku ya pili au ya tatu, na mara nyingine kati ya siku ya 7 na ya 14, na mara nyingine katika wiki ya sita. Mume anayekwenda kumchukua mkewe baada ya saa chache, kwa kuwa mtoto ni mzima na gari limepatikana, amemwondoa katika ulinzi wakati ule ule alipouhitaji.

Na aliyezalia nyumbani kwa udhuru, asiachwe peke yake. Apelekwe yeye na mtoto kituoni upesi iwezekanavyo, siku ile ile, ingawa anajiona mzima.

FASILI YA NNE: ALAMA ZA KHATARI MPAKA MWISHO WA NIFASI

Hizi yampasa mume azihifadhi kama ahifadhivyo nguzo za udhu, na awafundishe mama yake, na dada zake, na kila anayelala na mzazi.

Ya kwanza: damu nyingi. Kitambaa kikubwa kikilowa chote kabla ya saa moja kupita, au mzazi akiona kizunguzungu, akawa baridi, akatoka jasho, moyo ukamwenda mbio, hapana kungoja alfajiri.

Ya pili: homa. Joto likifika nyuzi 38 au kupita, au akitetemeka kwa baridi, au tumbo la chini likimwuma, au maji yakitoka kwa harufu mbaya, hiyo yaweza kuwa sumu ya uzazi iliyoingia mwilini. Isidhaniwe kuwa ni homa ya maziwa tu, wala isitulizwe kwa vidonge vya dukani. Mwaka 1847, katika hospitali ya wazazi mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona wazazi wakifa kwa homa hii katika wodi ya madaktari, waliokuwa wakitoka kupasua maiti na kuja kuzalisha. Aprili ya mwaka ule walikufa 18 katika kila 100. Akaamrisha waoshe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Na Julai waliokufa hawakufika 2 katika kila 100. Waislamu, ambao tohara ni mlango wa kwanza wa vitabu vyao vya fikihi, wana haki zaidi ya kulishika jambo hili: asimguse mzazi mtu ambaye hakuosha mikono kwa maji na sabuni, wala asiingizwe mkono, wala mti, wala dawa ya majani mahali pa uzazi.

Ya tatu: kichwa kumwuma sana, au macho kuona kiza na vimulimuli, au kuumwa chini ya kifua, au kuvimba uso. Hizo ni dalili za presha ya damu iliyopanda, nayo yaweza kuja hata baada ya kuzaa, hata kama alipokuwa mja mzito hakuwa nayo. Mwisho wake ni kifafa cha uzazi. Akianguka na kutetemeka, watu wengi husema amepagawa, wakatafuta kombe na buhuri. Kumsomea mgonjwa Kurani ni kheri, wala hapana anayekataza. Lakini asomewe akiwa njiani kwenda hospitali. Iko dawa huko, magnesiamu salfeti, inayozuia kifafa hicho, na kila saa inayopita bila ya dawa ni saa aliyoipoteza mgonjwa.

Ya nne: mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kumpanda, au kifua kumchoma. Yaweza kuwa damu imeganda katika mshipa. Kwa ajili hiyo mzazi asilazwe kitandani siku nyingi asitembee. Atembee polepole ndani ya nyumba na uani.

Ya tano: titi kuwa jekundu, gumu, la moto, pamoja na homa.

Ya sita: huzuni isiyokwisha. Machozi ya siku chache za mwanzo huwapata wengi, yakapita. Lakini mzazi anayelia wiki mbili, asiyelala hata mtoto akilala, asiyekula, asiyemtaka mtoto, au anayesema maneno ya kujidhuru, huyo ni mgonjwa kama mgonjwa wa homa. Asilaumiwe kuwa ana imani dhaifu, asichekwe, asiachwe peke yake na mtoto, na apelekwe kwa daktari.

FASILI YA TANO: MZAZI SI MFUNGWA WA NYUMBA

Yasemwa katika vijiji vingi kwamba mzazi hatoki nje kabla ya arubaini. Akitakiwa kwenda kupimwa siku ya saba, wazee wa nyumbani husema kwamba ni mwiko, tena wengine huutia mwiko huo katika dini. Dini haimo.

Mwaka wa 10 wa Hijra, yaani 632, Mtume, rehema na amani zimshukie, alitoka Madina kwenda Hija ya kuaga. Walipofika Dhul Hulaifa, Bi Asma binti Umais, mke wa Sayyidna Abubakari, akamzaa Muhammad bin Abibakari. Akapeleka kuuliza afanyeje. Mtume akamwamuru aoge, ajifunge kitambaa, na ahirimie. Naye akaendelea na msafara kwenda Maka, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, akiwa katika nifasi yake. Khabari hii imo katika Sahihi ya Imamu Muslim, katika hadithi ndefu ya Jabir juu ya Hija. Haina maana kwamba mzazi achoshwe kwa safari. Maana yake ni kwamba nifasi humzuia mwanamke ibada zinazojulikana, wala haimzuii njia. Ikiwa alisafiri kwa Hija, vipi atazuiwa asisafiri kwa kuokoa roho?

Na wako wasemao: mwanamke afaye kwa uzazi ni shahidi, basi ni kheri yake. Ni kweli, hadithi imemtaja katika mashahidi. Lakini hadithi hiyo hiyo imemtaja aliyekufa maji kuwa ni shahidi. Watu wa Moa ni watu wa bahari. Ngalawa ikipinduka mbele ya mwamba, wakasikia mwenzao anapiga kelele, je, yuko mvuvi atakayekunja tanga, akasema: "Mwacheni, atakuwa shahidi"? Akisema hivyo watu wa bandari hawatampa mkono tena. Ushahidi ni ukarimu wa Mwenyezi Mungu kwa aliyefikwa na ajali. Si hati ya kuwasamehe walioketi pwani wakitazama.

FASILI YA SITA: MAS'ALA YANAYOULIZWA

Suala: Mume amekwenda dago, na mkewe ameshikwa na damu. Je, atoke bila ya ruhusa?
Jawabu: Atoke. Kutoka kwa dharura, mtu akiogopa roho yake, hakuhitaji ruhusa, wala hakumfanyi mke kuwa nashiza. Lakini mume mwema hamwachi mkewe katika shaka hiyo. Kabla hajapakia nyavu, aseme mbele ya mama yake na mama wa mkewe: "Likitokea lolote, mchukueni, msiningoje wala msinitafute." Na bora kuliko hilo ni kulikawiza dago mpaka wiki mbili za mwanzo zipite.

Suala: Katika zahanati aliyepo ni mganga mwanamume. Je, amtazame?
Jawabu: Akiwapo mwanamke mwenye ujuzi, huyo ndiye hutangulizwa. Asipokuwapo, yajuzu mwanamume kutazama na kugusa kwa kadiri ya haja ya tiba, isizidi, na awepo mume au maharimu wake au mwanamke muaminifu. Kumwacha afe kwa kumsitiri si sitara.

Suala: Gharama ya tiba ni juu ya nani?
Jawabu: Vitabu vya zamani vya madhehebu vimesema kwamba bei ya dawa na ujira wa tabibu si katika nafaka iliyo wajibu. Lakini vitabu hivyo hivyo vimempa mke mgonjwa haki ya chakula na kitoweo siku za ugonjwa wake, na vimemwajibisha mume bei ya maji ya kuogea nifasi. Na wako wanazuoni wa zama za karibuni, kama Sheikh Wahba Zuhaili wa Shamu, waliosema kwamba tiba leo haja yake ni kama haja ya chakula, basi ni juu ya mume. Tena mimba ilikuwa yake, na mtoto ataitwa kwa jina lake. Atakayejificha nyuma ya ibara ya kitabu, hali ana pesa na mkewe anatoka damu, akumbuke kwamba kukaa na mke kwa wema ni amri ya Kurani, wala haikutolewa humo siku ya uzazi. Na kwa taratibu ya Serikali ya Tanzania, huduma ya uzazi katika vituo vya umma imewekwa kuwa bila malipo. Kinachobaki kwa mume mara nyingi ni njia, na chakula, na vitu vidogo vidogo.

Suala: Yafaa mzazi kutiwa damu ya mtu mwingine?
Jawabu: Yafaa kwa dharura ya kuokoa roho, na wanazuoni wa zama hizi wameijuzisha. Wala damu hiyo haifanyi umaharimu kama ufanyavyo unyonyeshaji. Mume akimpa mkewe damu, ndoa yao i pale pale. Na damu ya hospitali haitoki mbinguni. Hutolewa na watu. Wanaume wa mtaa wanaokwenda kumzika mzazi kwa wingi, wangaliweza kwenda kutoa damu kwa wingi kabla hajafa.

Suala: Aliyezalishwa kwa kupasuliwa, damu yake imekatika, naye aogopa maji yatamdhuru jeraha.
Jawabu: Ataosha palipo pazima, na atatayamamu kwa ajili ya palipo na jeraha. Jeraha likifungwa kitambaa kisichoweza kuondolewa, atapangusa juu yake kwa maji ikiwa hayamdhuru.

Suala: Kumkanda mzazi kwa maji ya moto kunafaaje?
Jawabu: Kuoga maji ya vuguvugu, na kusafishwa, na kufuliwa nguo, ni raha kwake. Lakini maji yanayobabua ngozi ni madhara, na kulikandamiza tumbo kwa nguvu hakuondoi kipande cha kondo kilichosalia. Mkunga wa kijijini ana heshima yake na faida yake: kumlisha mzazi uji na mchuzi wa samaki, kumfariji, kumshikia mtoto, na kuwa wa kwanza kupiga kelele akiona alama za khatari.

Suala: Ramadhani imeingia, nifasi imekwisha, naye ananyonyesha.
Jawabu: Akijiogopea nafsi yake, au nafsi yake na mtoto pamoja, atakula na atalipa. Akimwogopea mtoto peke yake, atakula na atalipa, pamoja na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Mume asimshurutishe kufunga kwa ajili ya maneno ya jirani.

KHATIMA: MAMBO MATANO YA KUWEKWA TAYARI

Katika uchunguzi wa hesabu za nchi wa mwaka 2015 na 2016, Tanzania ilihesabiwa kufiwa na wazazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Na katika ule wa mwaka 2022 ikahesabiwa 104. Ni rehema kubwa, nayo imekuja kwa sababu, si kwa bahati. Waliosalia katika hesabu hiyo nao wana waume, na watoto, na milango ambayo mtu alisimama akasema "ngojeni". Basi mwanamume ambaye mkewe amefikia mwezi wa saba, na aweke tayari haya:

Moja, nauli, iwekwe mbali na pesa ya matumizi, isiguswe hata kwa deni.

Pili, chombo cha kuchukulia, na jina la mwenye gari au bodaboda aliyekubali kuamshwa usiku; pamoja na nambari 115 ya mpango wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, ambayo hupigwa bila malipo kumtafutia mzazi usafiri wa dharura.

Tatu, watu wawili wenye afya walio tayari kutoa damu.

Nne, mwanamke mmoja wa kulala na mzazi, aliyefundishwa zile alama sita.

Tano, ruhusa, itamkwe mapema mbele ya mashahidi, isiwe na "lakini" ndani yake.

Kurani imetaja kwamba mama hubeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu, na kwamba Bi Maryamu, katika saa ya utungu, aliwekewa maji chini yake na tende juu yake, akaambiwa ale, anywe, na jicho lake litulie. Huyo alikuwa peke yake jangwani, na Mola wake ndiye aliyemwangalia. Mzazi wa Moa hayuko peke yake: ana mume. Naye mume ni mchungaji, na kila mchungaji ataulizwa juu ya alichokichunga.

Ewe Mola, walinde wazazi na watoto wao, uwarehemu waliotangulia, na uwape waume nyoyo za kuhurumia na miguu myepesi ya kuondokea. Amin.